Mwenye Kiwanda Akiuza Mwenyewe, Ana Kosa Gani?

Na Mtunza Saa wa Mdahalo, Kidato cha Tatu

Nafasi hii ya maoni nimeiomba kwa mhariri kwa sababu moja tu. Siku ya mdahalo wetu wa muhula wa pili sikupata kusema. Nilikuwa mtunza saa, na kazi ya mtunza saa ni kugonga kengele, si kutoa hoja. Mada mnaikumbuka: kwamba anayetengeneza bidhaa aachwe auze mwenyewe kwa mnunuzi, pasiwe na mtu wa katikati. Watetezi wa mada walitupa mifano ya mkate, maziwa na vitabu vya kiada. Wapinzani wakajibu kwa mkate huo huo. Kisha mpinzani mmoja akainuka akasema ati huko Marekani kuna majimbo ambayo kampuni ya magari ikimuuzia mwananchi gari jipya moja kwa moja, imevunja sheria. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti akamwomba arudi kwenye mada, na kwa bahati mbaya dakika zake nazo zikawa zimekwisha.

Kumbe alisema kweli tupu! Tangu siku ile nimeifuatilia habari hiyo maktabani na katika chumba cha kompyuta, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kuwa mwenzetu alikuwa na mfano bora kuliko yote iliyotolewa siku ile, ila hakupewa muda. Maoni yangu nayatoa bila kuzunguka mbuyu. Sheria hiyo ya Marekani ilitungwa kwa haki, ikawa ngao ya mnyonge. Baadaye wenye ngao wakaigeuza kufuli la mlango wa mtu mwingine. Ngao ibaki. Kufuli liondolewe.

Kwanza tuelewane jinsi gari jipya linavyouzwa huko. Ford, General Motors, Toyota na wenzao hawana maduka yao ya kukuuzia gari. Kampuni humuuzia wakala kwa bei ya jumla. Wakala huyo ni mfanyabiashara anayejitegemea, mwenye kiwanja chake, jengo lake, mafundi wake na mkopo wake wa benki. Yeye ndiye anayemuuzia mwananchi, kwa bei watakayopatana. Bei inayobandikwa kwenye kioo cha gari ni pendekezo la kampuni tu. Wakala anaweza kuishusha na anaweza kuipandisha, kama vile mama muuza nyanya anavyokupima kwa macho kabla hajakutajia bei. Mawakala wa namna hii ni karibu 17,000 katika nchi nzima, na chama chao cha kitaifa kipo tangu mwaka 1917. Katika miji mingi midogo, wakala wa magari ndiye tajiri wa mji. Ndiye anayeajiri vijana wa pale, ndiye anayefadhili timu ya watoto ya besiboli, na mwanasiasa anayetafuta fedha za kampeni anaujua vizuri mlango wake.

Majimbo yote 50 yana sheria za kumlinda wakala huyu, ingawa kila jimbo lina yake. Aghalabu husema hivi: kampuni haiwezi kumnyang'anya uwakala bila sababu ya haki. Haiwezi kumwekea wakala mwingine wa gari lile lile karibu naye bila yeye kupewa nafasi ya kupinga; huko California, kwa mfano, ujirani huo hupimwa kwa maili 10. Tena kampuni haiwezi kufungua duka lake yenyewe likashindana na wakala wake. Baadhi ya majimbo yakaenda mbali zaidi, yakasema kampuni inayounda magari haiwezi kabisa kumuuzia mwananchi, iwe ina wakala au haina.

Sasa, kabla hamjawacheka tena Wamarekani, hebu tuulize mambo haya yalitoka wapi.

Mwishoni mwa mwaka 1920 uchumi wao ulipoporomoka, magari ya Henry Ford aina ya Model T yalikuwa hayanunuliki. Ford alikuwa na madeni makubwa, na hakupenda kwenda kuwapigia magoti wenye mabenki wa New York. Alifanyaje? Aliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza, akataka walipe fedha taslimu. Wakala aliyekataa alijua kuwa uwakala wake uko hatarini. Basi wakakimbilia benki za miji yao, wakakopa, wakalipa. Deni la bwana mkubwa likahamia mabegani mwa wadogo. Wenye kukumbuka methali ya fahali wawili na nyasi watambue kwamba hapa hakukuwa na fahali wawili. Fahali alikuwa mmoja, na aliyeumia ni nyasi vilevile.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, kuanzia miaka ya 1930 majimbo yalianza kutunga sheria za kuwahami mawakala. Mwaka 1956 Bunge la Marekani nalo likapitisha sheria ya nchi nzima iliyompa wakala haki ya kuishtaki kampuni ikiwa haikumtendea kwa nia njema. Wala tusidhani hofu hiyo ilikufa na Henry Ford. Mwezi wa Mei mwaka 2009, Chrysler ikiwa imefilisika, mawakala 789 walipata barua za kuwaambia kwamba mikataba yao itakatwa. Mwezi wa Juni ikakatwa kweli. Baadhi yao walikuwa wameirithi biashara hiyo kutoka kwa baba na babu. Majuma machache tu, na mtu aliyejenga jengo zima kwa jina la Chrysler akabaki na jengo.

Mimi jambo hili linaniingia moyoni kwa sababu nimeliona nyumbani. Mjomba wangu alikuwa wakala wa soda katika soko la kwetu. Kampuni yenyewe sitaitaja. Alikopa katika Sacco, akajenga stoo ya mawe, akanunua pikapu kuukuu, na kwa miaka minne alizunguka kibanda kwa kibanda, mpaka vichochoroni ambako hata matatu hazifiki. Wenye vibanda walimkopesha imani kabla hawajaijua soda hiyo. Ilipokwisha kuzoeleka, na kila mtoto akawa anaiita kwa jina, lori la kampuni likaanza kupita kwenye vibanda vile vile, siku zile zile, kwa bei ambayo mjomba hakuiweza. Hakuna barua aliyoandikiwa. Nilipomwuliza kwa nini hakwenda mahakamani, alinijibu: "Mpwa wangu, mahakamani utakwenda na karatasi. Mimi nilipewa kofia na kalenda." Stoo ile mpaka leo ina kreti tupu, na mkopo wa Sacco aliumaliza kwa kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo mtu asinifikirie kuwa nawadharau mawakala. Mjomba angekuwa na sheria kama ile ya Marekani, pengine angekuwa na kazi yake hadi leo. Lakini hebu tutazame kwa makini dhuluma aliyotendewa ni ipi. Je, ni kwamba kampuni iliuza soda kwa lori lake? La hasha. Dhuluma ni kwamba kampuni ile ilimtuma atumie fedha zake kuijengea soko, kisha ikamzunguka na kulichukua soko lenyewe. Lau ingekuja kampuni nyingine mpya, yenye soda yake, ambayo haijawahi kumtuma mjomba popote, ikauza kwa lori lake tangu siku ya kwanza, mjomba angepata mshindani, basi. Mshindani anaumiza, lakini hajakudhulumu. Mkishaiona tofauti hiyo, kisa chote cha magari ya umeme kitawafungukia.

Maana mshindani wa namna hiyo alikuja. Kampuni ya Tesla ilianzishwa huko California mwaka 2003 na wahandisi wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Elon Musk aliingia mwaka uliofuata na fedha zake, na baadaye akawa ndiye bwana wa kampuni. Gari lake la kwanza, Roadster, lilianza kuuzwa mwaka 2008, na lile lililowatikisa wengi, Model S, mwaka 2012. Tesla haikumpa mtu yeyote uwakala. Ilifungua maduka yake, mengine ndani ya majumba makubwa ya biashara katikati ya maduka ya viatu na nguo, na mnunuzi aliweza kuagiza gari kwenye intaneti kwa bei moja isiyo na mjadala.

Kwa nini haikuwataka mawakala? Musk alieleza mwaka 2012, na hoja yake ina uzito. Wakala ana magari ya petroli mia moja uani. Akitaka kuuza la umeme, itambidi amweleze mteja kwa nini petroli ni duni, na huku petroli ndiyo inayomlisha. Ni kama kumwomba muuza mkaa akutangazie gesi. Isitoshe, sehemu kubwa ya faida ya wakala hutoka kwenye gereji yake, si kwenye kuuza gari. Gari la umeme halibadilishwi oili ya injini, halina plagi za kuchoma mafuta, halina ekzosi ya kutoboka. Litamletea fundi wake kazi gani ya kila miezi mitatu? Sisemi Musk ni malaika. Anatetea mfuko wake kama mawakala wanavyotetea mifuko yao. Lakini mgala muue na haki yake mpe.

Mawakala hawakukaa kimya. Huko New Jersey, mwezi wa Machi mwaka 2014, tume inayosimamia magari ilitoa kanuni ya kuizuia Tesla kuuza moja kwa moja. Baada ya mwaka mmoja wa kelele, gavana Chris Christie akatia sahihi sheria ya kuiruhusu kampuni hiyo kuwa na maduka manne. Manne! Si matatu, si saba. Mtu ukiuliza idadi hiyo imetoka kwenye kanuni gani ya uchumi, jibu ni kwamba ilitoka mezani, watu walipokuwa wakipatana.

Lakini jimbo lililonivutia kuliko yote ni Michigan, na ninyi wanachama wa Kiswahili mtanielewa. Michigan ndiko nyumbani kwa Ford, General Motors na Chrysler. Sheria yao ya zamani ilisema mtengenezaji asimuuzie mwananchi gari jipya isipokuwa kupitia kwa mawakala wake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 gavana Rick Snyder alitia sahihi mabadiliko ya sheria hiyo, na ndani yake neno moja dogo la Kiingereza, lenye herufi tatu na maana ya "wake", lilikuwa limefutwa. Ikabaki: isipokuwa kupitia kwa mawakala. Je, mmeona? Mwalimu wetu hutuambia kila siku kwamba kivumishi kimilikishi si pambo la sentensi, nasi husinzia. Ukisema "mawakala wake", unamsema mtu mwenye mawakala. Unamwambia usiwazunguke hao uliowatuma. Asiye na wakala hata mmoja anaweza kusema sheria hii hainihusu. Ukifuta "wake", umemwambia kila mtu duniani: kama huna wakala, nenda ukamtafute, la sivyo hutauza hapa. Kwa kufuta neno moja, sheria ya kumlinda mjomba iligeuka kuwa sheria ya kumlazimisha kila mwenye soda kumtafuta mjomba.

Tesla ilikwenda mahakamani mwaka 2016, na mwezi wa Januari mwaka 2020 wakapatana na serikali ya jimbo. Mapatano yenyewe ni kichekesho. Mkaazi wa Michigan anaweza kununua gari la Tesla, na gari anaweza kuletewa, mradi umiliki wake upite kisheria katika jimbo jingine kwanza. Yaani gari ni lile lile, mnunuzi ni yule yule, fedha ni zile zile. Karatasi ndiyo iliyosafirishwa.

Texas nako kuna kioja chake. Kampuni ilihamishia makao yake makuu Austin mwaka 2021, na mwaka 2022 ikafungua huko kiwanda kikubwa mno. Sheria ya Texas haimruhusu mtengenezaji kumuuzia mwananchi gari jipya moja kwa moja. Basi jirani wa kiwanda, anayeyaona magari yakitoka langoni, akitaka moja ataliagiza kwenye intaneti, na ununuzi wake unahesabiwa kuwa umefanyika nje ya jimbo. New Mexico walikokuwa na katazo kama hilo, Tesla ilikwenda kwa Wenyeji asilia wa Nambé Pueblo, ambao ardhi yao ina mamlaka yake na haifungwi na sheria hiyo ya jimbo. Mwaka 2021 ikafungua duka na gereji katika jengo lililokuwa kasino. Connecticut nako ikafanya vivyo hivyo mwaka 2023 katika ardhi ya Wamohegan. Sheria ikiwalazimu watu kununua gari kwa njia za panya kama hizo, bila shaka ina kasoro.

Tuje sasa kwenye hoja za mawakala wenyewe, maana mdahalo usiosikiliza upande wa pili ni kelele. Wanazo mbili.

Ya kwanza ni bei. Wanasema mawakala watatu wa gari moja katika mji mmoja hushindana, na mnunuzi mjanja huwazungukia wote mpaka apate nafuu. Kampuni ikiuza peke yake, nani atakayeshindana nayo? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Tesla ilipunguza bei zake ghafla, Marekani kwa kiasi cha hadi asilimia 20 kwa baadhi ya magari. Huko Uchina, watu waliokuwa wamenunua siku chache tu kabla ya punguzo walikusanyika kwenye maduka ya kampuni wakilalamika. Bei moja kwa wote, naam, lakini ni bei inayoamuliwa na mtu mmoja. Hata hivyo mawakala nao wasijipake mafuta. Mwaka 2021, chipu za kompyuta zilipoadimika na magari yakawa machache, wengi wao waliongeza maelfu ya dola juu ya bei iliyopendekezwa, hata Ford na General Motors wenyewe wakawaonya mwanzoni mwa mwaka 2022. Tena ushindani wa kweli si kati ya Ford na Ford. Ni kati ya Ford na Tesla, na huo ndio unaozuiwa mlangoni.

Ya pili ni huduma baada ya kuuza, na hapa mimi nasalimu amri nusu. Gari si kalamu. Likiharibika unataka fundi, unataka spea, unataka mtu wa kumfokea uso kwa uso. Wakala yupo mjini kwako, na mtoto wake anasoma na wako. Kampuni iliyo mbali inaweza kubadili nia yake kwa tangazo. Mwezi wa Februari mwaka 2019 Tesla ilitangaza kuwa itafunga maduka yake mengi na kuuza kwa intaneti pekee, na kabla majuma mawili hayajaisha ikasema itaacha wazi mengi kuliko ilivyotangaza. Wafanyakazi wa maduka hayo sijui walilala vipi siku hizo.

Sisi Wakenya tunaujua utamu na uchungu wa kununua kutoka mbali. Mtu wa Kisumu au wa Embu huingia kwenye tovuti ya wauzaji wa Japani, akachagua gari lililotumika, akalipa, na baada ya majuma kadhaa likashuka bandarini Mombasa. Sharti lisizidi umri wa miaka minane, lipite ukaguzi, na ushuru ulipwe. Hakuna sheria inayomwambia lazima apitie kwa broka wala yadi ya Ngong Road. Najua, hayo ni mitumba, na anayeyauza si aliyeyaunda. Sheria ya Marekani inazungumzia gari jipya. Lakini inashangaza kidogo kwamba mwalimu wa Kenya ana uhuru wa kuagiza gari kutoka ng'ambo ya bahari akiwa kitandani, na mwalimu wa Michigan akabanwa na gari linaloundwa nchini mwake. Uchungu ni huu: likikufia barabarani, aliyekuuzia yuko Yokohama. Utakayemwona ni fundi wa jua kali, na spea utaitafuta Kirinyaga Road, tena ukiwa na macho mawili wazi.

Ndiyo maana nasema sheria ingemtazama mnunuzi badala ya muuzaji. Jimbo linaloogopa mwananchi wake kuachwa bila fundi liandike hivyo hivyo: atakayeuza gari hapa, awe kampuni au wakala, awe na gereji au fundi wa kutumwa, awe na spea kwa miaka kadhaa, na aweke mtu wa kushtakiwa ndani ya jimbo. Sharti kama hilo lingenikinga mimi mnunuzi. Kunilazimisha ninunue kwa wakala kunamkinga wakala, na mimi huenda nikanufaika, huenda nisinufaike. Hata maofisa wa tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani waliandika mwaka 2014 kwamba mnunuzi ndiye aachiwe kuchagua njia ya kununulia.

Mahakama nazo zimeanza kuiona tofauti niliyoieleza ya mjomba. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya Massachusetts iliwakataa mawakala walioishtaki Tesla, ikasema sheria ilikusudiwa kumlinda wakala dhidi ya kampuni iliyomwajiri uwakala, si dhidi ya kampuni ya watu wengine. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya Delaware nayo ikasema sheria yao ya uwakala haiigusi kampuni isiyo na mawakala. Huko Louisiana suala lilichukua sura nyingine. Tume inayotoa leseni za kuuza magari ina mawakala wa magari ndani yake, yaani wapinzani ndio waliokalia kiti cha mwenyekiti. Hebu fikirieni mdahalo wa namna hiyo! Mwezi wa Agosti mwaka 2024 mahakama ya rufani ya serikali kuu iliifufua kesi ya Tesla dhidi ya mpango huo, baada ya mahakama ya chini kuitupa.

Majimbo mengine yamekata shauri kwa njia ya busara zaidi. Colorado, mwaka 2020, iliruhusu kampuni za magari ya umeme zisizo na mawakala ziuze zenyewe. Washington ilikuwa imetoa ruhusa mwaka 2014 kwa namna iliyoifaa Tesla pekee, na kampuni nyingine ndogo zilizokuja nyuma, kama Rivian, zikaachwa nje. Hilo nalo silikubali. Ukimfungulia mlango tajiri aliyefika mapema kisha ukaufunga kwa maskini aliyechelewa, umetengeneza uwakala mwingine.

Limebaki swali gumu, na ndilo ningependa wapinzani wetu walijibu kama mdahalo utarudiwa. Volkswagen ina mawakala Marekani kwa miaka mingi. Imefufua jina la zamani la Scout, ikaunda kampuni chini yake, na mwezi wa Oktoba mwaka 2024 ikatangaza kuwa magari ya Scout yatauzwa moja kwa moja, bila wakala. Mwaka 2025 mawakala wa Volkswagen huko Florida, na chama cha mawakala huko California, wakafungua kesi. Scout inasema yenyewe ni kampuni mbali, haina wakala. Mawakala wanasema huyu ni mtu yule yule aliyevaa shati jipya.

Kwa Tesla na Rivian mimi sina shaka, waachwe wauze. Kwa hili la Scout nasita. Wakala wa Volkswagen alikopa, akajenga, akawazoesha watu wa mji wake jina hilo, na huenda miaka yote hiyo alisubiri gari kubwa la Kimarekani ambalo kampuni haikuwa nalo. Sasa limekuja na linapita mbele ya duka lake kama lile lori la soda. Jina tu ndilo lililobadilishwa ubavuni. Ningekuwa hakimu, kabla ya kumuuliza Scout lolote, ningeomba kwanza niletewe mikataba ya mawakala niisome neno kwa neno, na hapo penye "wake" ningepasoma mara mbili.